Sare na kumbukumbu za wanahewa: Hazina ya Mombasa inayoozea makashani

UKUSANYAJI wa sare kuukuu za wanahewa, pamoja na beji, nishani, vitabu vya safari na vifaa vya marubani, ni shughuli iliyokomaa Uingereza, Marekani na kwingineko Ulaya. Huko kuna makavazi, minada na vitabu vya kumwelekeza mkusanyaji.

Nchini Kenya shughuli hiyo haijashika mizizi, ingawa Mombasa ina historia ndefu ya ndege za kivita. Masalio ya historia hiyo hayamo katika makavazi pekee. Mengine yamo majumbani, kisiwani na katika mitaa ya bara kama Mishomoroni, Changamwe na Likoni, ndani ya makasha ambayo hufunguliwa tu mwenye nyumba anapofariki.

Hapo ndipo hasara hutokea. Koti hugeuzwa tambara, nishani humfikia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na karatasi huchomwa pamoja na takataka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayothibitisha methali hiyo kuliko sare ya mwanajeshi ambaye jina lake limesahaulika.

Makala haya yanaeleza historia ya vitu hivyo Pwani, namna ya kuvitambua na kuvihifadhi, na mipaka ambayo sheria imemwekea mwenye navyo.

Ndege zilivyofika Pwani

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoleta ndege za kivita katika mwambao huu. Mnamo Septemba 20, 1914, manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji.

Waingereza walileta ndege za kikosi cha anga cha Jeshi lao la Wanamaji kuitafuta. Zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia, ndege hizo ziliwaelekeza wapiga mizinga hadi Königsberg ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Mzinga mmoja wa meli hiyo na mmoja wa Pegasus vimewekwa Fort Jesus, Mombasa, ambako maelfu ya wageni huvipita bila kujua kwamba ndege zilihusika katika kisa hicho.

Mapema mwaka wa 1916, kikosi nambari 26 cha Royal Flying Corps, kilichokuwa na watu wengi kutoka Afrika Kusini, kiliteremka Mombasa kikielekea medani ya Taita na Kilimanjaro. Aprili 1, 1918, kikosi hicho cha nchi kavu na kile cha wanamaji viliunganishwa nchini Uingereza kuwa Royal Air Force, RAF.

Vita vya Pili vya Dunia viliifanya Mombasa kuwa kituo kikubwa zaidi. Mwaka wa 1942, Wajapani walipotishia Bahari ya Hindi, manowari za Uingereza zilihamia Kilindini kutoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka.

Ndege za baharini aina ya Catalina ziliwekwa Kipevu, Changamwe. Kikosi nambari 209 cha RAF kilikaa hapo tangu 1942 hadi 1945. Beji yake ni tai mwekundu anayeanguka, ishara ya madai yake kwamba ndicho kilichomwangusha rubani mashuhuri wa Ujerumani, Manfred von Richthofen, mwaka wa 1918.

Kikosi nambari 259 kiliundwa upya papo hapo Kipevu mnamo Februari 1943, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Agosti 20 mwaka huo, Catalina zake na za kikosi nambari 265 ziliizamisha nyambizi ya Ujerumani, U-197, kusini mwa Madagascar.

Kinachoifanya beji ya kikosi hicho iwe ya pekee kwa msomaji wa Kiswahili ni wito wake: "Haya ingia napigane". Mjuzi wa lugha atatambua mara moja kwamba hicho ni Kiswahili cha kambini, wala si cha Mvita. Hata hivyo, ni maneno yetu yaliyokubaliwa rasmi kuwa alama ya kikosi cha jeshi la kigeni.

Wanamaji wa Uingereza nao walikuwa na desturi ya kuviita vituo vyao vya nchi kavu kana kwamba ni meli. Kituo chao cha ndege cha Kilindini, kilichotumia kiwanja cha Port Reitz, kiliitwa HMS Kipanga. Cha Tanga kiliitwa HMS Kilele, na karakana yao ya ndege ya Nairobi ikaitwa HMS Korongo. Kiwanja cha Port Reitz ndicho leo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi.

Vipindi vitatu vya wanahewa wa Kenya

Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa Juni 1, 1964, kwa msaada wa Uingereza. Lilianza na ndege ndogo aina ya Chipmunk na Beaver, zikafuatiwa na Caribou za uchukuzi. Katika miaka ya sabini zilikuja Strikemaster, Bulldog na Hunter, na mwaka wa 1978 zikaja F-5 kutoka Marekani.

Agosti 1, 1982, baadhi ya wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio hilo lilizimwa na Jeshi la Nchi Kavu. Zaidi ya wanahewa 2,000 walikamatwa, na aliyeongoza njama hiyo, Hezekiah Ochuka, alinyongwa mwaka wa 1987.

Jeshi lenyewe lilivunjwa. Mahali pake pakaundwa kikosi kilichoitwa '82 Air Force, chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed. Kambi ya Eastleigh ikapewa jina la Moi, na ile ya Nanyuki ikawa Laikipia. Mwaka wa 1994 kikosi hicho kilirejeshewa hadhi na jina la Jeshi la Wanahewa la Kenya.

Kwa mkusanyaji, matukio hayo yanagawa vitu vya Kenya katika vipindi vitatu: 1964 hadi 1982, 1982 hadi 1994, na baada ya 1994. Cheti, barua au picha yenye jina la '82 Air Force inajieleza yenyewe kuwa ni ya kipindi cha pili.

Vitu vya kipindi cha kwanza ndivyo vyenye uchungu mwingi. Simulizi za siku zile zinaeleza jinsi wanajeshi waliokuwa wakitoroka walivyovua magwanda na kutafuta nguo za kiraia. Si ajabu kwamba baada ya Agosti 1982 sare ya mwanahewa haikuwa kitu cha kutundikwa sebuleni, hata kwa yule ambaye hakuhusika kamwe na njama.

Miaka mingi baadaye, baadhi ya waliokamatwa walikwenda Mahakama Kuu kudai fidia kwa kuteswa na kuzuiliwa kinyume cha sheria, na kuna walioshinda. Kwa watu kama hao, cheti cha kuandikishwa jeshini, barua ya kuachishwa kazi na picha ya kambini si mapambo. Ni ushahidi wa maisha yaliyokatizwa.

Vitu vinavyokusanywa

Sare ndiyo hupendwa zaidi. RAF ilianza kutumia rangi ya buluu ya kijivu mwaka wa 1919, lakini katika nchi za joto wanajeshi wake walivaa kaki. Kwa hiyo, sare ya buluu ya sufu iliyopatikana Mombasa si lazima iwe imevaliwa Mombasa wakati wa vita.

Beji za kofia, vifungo vya shaba na mabawa ya rubani yanayoshonwa juu ya mfuko wa kushoto hufuatia. Vitu hivi ni vidogo, hudumu, na ndivyo hughushiwa sana.

Vifaa vya kuruka vina mashabiki wake: kofia za ngozi au kitambaa zenye vipokea sauti, miwani, glavu na makoti ya ngozi ya kondoo. Kofia ya kitambaa cha kaki aina ya D ilitengenezwa mahsusi kwa nchi za joto, hivyo ndiyo iliyo karibu zaidi na historia ya Pwani.

Karatasi huonekana duni lakini huwa na thamani kubwa kuliko nguo. Kitabu cha safari cha rubani wa RAF, kinachojulikana kama Fomu 414, huonyesha tarehe, ndege, safari na saa alizokuwa hewani, pamoja na sahihi za wakubwa wake. Ukurasa mmoja unaotaja Kipevu au Port Reitz hueleza mengi kuliko kasha zima la vifungo.

Katika fungu hilo zimo pia karatasi zilizodondoshwa kutoka angani wakati wa Hali ya Hatari miaka ya hamsini. Wakati huo ndege za Harvard na Lincoln za RAF zilishambulia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Nishani ya Africa General Service yenye ukanda wa chuma ulioandikwa "Kenya" ilitolewa kwa waliohudumu katika vita hivyo, upande wa Serikali ya kikoloni.

Nishani hiyo inaonyesha kwamba ukusanyaji si kutukuza vita. Kitu kimoja kinaweza kuwa fahari kwa familia moja na kidonda kwa nyingine, na mkusanyaji mwadilifu huandika pande zote mbili.

Kutambua halisi na bandia

Jambo la kwanza kuangaliwa katika beji ya Uingereza ni taji. Lile lililotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini lina mataa yaliyopinda juu kama kuba. Lile la enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili limebonyea katikati. Tahadhari ni kwamba Mfalme Charles wa Tatu amerudisha umbo linalokaribiana na lile la kale, kwa hiyo taji la kuba pekee halithibitishi ukale.

Pili ni alama za ghala. Vifaa vya Wizara ya Anga ya Uingereza huwa na herufi AM na taji, na mavazi ya kuruka huwa na nambari zinazoanza na 22C. Lebo ya kitambaa iliyosuguliwa mpaka maandishi yakafifia ni ya kuaminika kuliko lebo nyeupe iliyoshonwa jana.

Tatu ni uzi. Uzi wa kisasa wa poliesta hung'aa chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Lakini pamba ya kale iliyofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nayo hung'aa, hivyo kipimo hicho kisitegemewe peke yake.

Nne ni kujua desturi za wakati huo. Kwa mfano, wakati wa Vita vya Pili utepe wa kofia ya baharia wa Uingereza uliandikwa "H.M.S." tu bila jina la meli, ili adui asijue nani yuko wapi. Anayeuziwa utepe ulioandikwa "HMS Kipanga" kwa madai kwamba ulivaliwa vitani anapaswa kuwa na shaka kubwa.

Tano ni majina. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza ziliandikwa jina la mwenyewe ukingoni. Nyota na nishani za Uingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina, lakini Afrika Kusini iliandika majina kwenye zake. Nishani isiyo na jina, iliyotenganishwa na karatasi zake, haiwezi tena kusema ni ya nani.

Daftari ndilo linalotia thamani

Ndiyo sababu wakusanyaji wazoefu hununua kwanza habari, kisha kitu chenyewe. Kila kipande kipewe nambari na ukurasa wake katika daftari: kilitoka kwa nani, lini, wapi, na aliyekitoa alisema nini.

Mwenye kitu akiwa hai, maelezo yake yaandikwe au yarekodiwe kwa idhini yake. Maswali yawe ya kawaida: alijiunga lini, alifanya kazi gani, picha ilipigwa kambi gani, waliosimama naye ni akina nani. Wanahewa wengi hawakuwa marubani. Walikuwa mafundi, madereva, wapishi, makarani na walinzi, na hao ndio ambao vitabu vimewasahau.

Picha isibandikwe kwa gundi wala kuandikwa kwa kalamu ya wino. Majina yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini.

Kwa vikosi vya RAF, madaftari ya shughuli za kila siku yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, chini ya fungu AIR 27. Tarehe na nambari ya kikosi zikijulikana, inawezekana kufuatilia safari moja ya ndege moja iliyoruka kutoka Kipevu.

Kuhifadhi katika hewa ya Pwani

Adui wa kwanza Mombasa ni unyevunyevu, wa pili ni chumvi ya bahari, na wa tatu ni wadudu. Sufu huliwa na nondo, karatasi huliwa na mende na mchwa, na ngozi huota kuvu kila masika.

Nguo isifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa muda mrefu, kwa sababu jasho hukwama ndani. Ni bora ifungwe kwa marikani iliyofuliwa mara kadhaa mpaka wanga wote ukatoka, kisha ilazwe ndani ya kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni. Mikunjo ijazwe vitambaa laini ili kitambaa kisikatike.

Kasha lifunguliwe mara kwa mara siku za kiangazi, kivulini. Jua kali hupausha rangi kwa siku chache tu.

Karafuu na majani yenye harufu, ambayo akina mama wa Pwani wameyatumia tangu jadi, hayatoshi kuwaua viluwiluwi vya nondo. Sare yenye dalili za wadudu ifungwe vizuri kwa plastiki na kuwekwa ndani ya friza kwa wiki mbili. Ikitolewa, iachwe imefungwa mpaka baridi iishe, ndipo ifunguliwe.

Shaba na nishani zisisuguliwe kwa majivu na ndimu wala kwa dawa ya kung'arishia. Kila usuguaji huondoa chembe za madini, na hatimaye uso wa beji hubaki laini kama sarafu iliyochakaa. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kuna hatari moja ya kiafya. Saa za mikono na mita za ndege za zamani zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Mng'aro huo huenda umekwisha, lakini miale ya sumu haijaisha, kwani nguvu ya radiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Vifaa hivyo visifunguliwe wala kukwanguliwa, na visiwekwe chumba cha kulala.

Sheria inasemaje?

Mwenye kupenda sare za kijeshi Kenya lazima ajue mipaka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamkataza raia kuvaa sare za majeshi au polisi, au nguo inayofanana nazo, na inagusa pia uuzaji wa sare hizo, vifungo na beji zake bila ruhusa.

Onyo hilo si la nadharia. Wahalifu wametumia magwanda kuwahadaa raia, na katika maeneo kama Kisauni, ambako polisi hufanya misako, nguo ya kijeshi isiyo na maelezo inaweza kumtia mtu matatani. Nchi jirani ya Tanzania ilichukua hatua kali zaidi Agosti 2023, jeshi lake lilipowapa raia siku saba kusalimisha sare na nguo zinazofanana nazo.

Kwa hiyo, sare ambazo majeshi ya Kenya yanatumia sasa si vitu vya kukusanywa. Familia iliyoachiwa sare na marehemu ifanye vyema kuuliza Wizara ya Ulinzi kabla ya kuiuza au kuitoa. Risasi na silaha zinaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayezikuta kashani asiziguse bali apige ripoti polisi.

Kuhusu urithi, Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006 inavilinda moja kwa moja vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ndege ya kwanza haikuwa imeruka mwaka huo. Maana yake ni kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya wanahewa inayopata ulinzi huo kwa umri wake, isipokuwa Waziri aitangaze rasmi kuwa kitu cha kulindwa.

Pengo hilo ndilo linalofanya juhudi za familia ziwe na uzito. Kitabu cha safari kilichonunuliwa leo na mgeni kinaweza kuondoka nchini bila mtu kuuliza.

Mahali pa kuanzia

Mkazi wa Mishomoroni hana haja ya kwenda mbali. Soko la Kongowea liko karibu, na katika marobota ya mitumba huja makoti ya majeshi ya Ulaya, mengine yakiwa bado na bendera begani. Mengi ni ya miaka ya karibuni na hayana uhusiano na historia ya Pwani, tena kuyavaa kunaweza kuzua shida iliyotajwa hapo juu. Hata hivyo, kuyachunguza lebo na vifungo ni darasa la bure.

Ng'ambo ya Daraja la Nyali kuna Fort Jesus na mizinga yake, na katika makaburi ya Mbaraki wamezikwa wanajeshi wa vita vya dunia. Ukivuka Makupa kuelekea Changamwe, unafika Kipevu na Port Reitz, ingawa gati za mafuta na makontena zimefunika mahali Catalina zilipokuwa zikitua.

Lakini pa kuanzia hasa ni nyumbani. Waliokuwa vijana wa miaka 20 jeshi la Kenya lilipoundwa mwaka wa 1964 sasa wamepita miaka 80, na waliovaa sare hiyo siku ya Agosti 1, 1982, nao ni wazee. Kila mmoja anayeondoka bila kuulizwa huacha picha ambazo hakuna awezaye kuzitaja majina. Kabla ya kuuza, kugawa au kuchoma kilichomo kashani, jamaa wamkalishe mzee, wamwonyeshe kitu kimoja kimoja, na waandike anachosema.